Madam na Dawati la Kabula

Madam alikuwa haoni mbali. Miwani yake ilikuwa minene kama vitako vya chupa, na hata akiivaa, sura zetu kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma zilikuwa ukungu mtupu kwake. Kwa hiyo alitujua kwa sauti. Ukikohoa alikutaja jina bila kugeuka kutoka ubaoni. Walikuwepo wajanja waliobana pua ili wamchezee, naye aliwaambia taratibu kwamba pua wameibana lakini koo ni lao. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyejisumbua tena.

Alitufundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, katika shule ya kata iliyokuwa upande wa Kiseke, kati ya yale mawe makubwa ambayo ukiyaona mara ya kwanza unadhani yanakaribia kuporomoka. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam fulani na Madam fulani. Yeye alikuwa Madam tu, na ukisema hivyo shule nzima ilijua unamsema nani. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Wengine walisema ni wa Ukerewe, wengine wa Misungwi, naye hakumsaidia mtu kubahatisha.

Katika kitabu cha Kiingereza kulikuwa na sura moja fupi ya kuunganisha sentensi mbili kwa maneno madogo kama and, but, or na so. Walimu wengine waliipita kwa wiki moja. Madam aliishi humo. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Kila dawati lilikuwa na wanafunzi wawili. Wa kwanza alitoa sentensi fupi, wa pili akatoa yake bila kushauriana na mwenzake, Madam akaziandika ubaoni moja chini ya nyingine, kisha akamwita mtu wa dawati jingine kabisa aje aziunganishe. Sharti lilikuwa moja: sentensi lazima iwe ya kweli. Habari za paka aliyekaa kwenye mkeka hakuzitaka. Alitaka ya nyumbani kwetu.

Basi tukajikuta tunayajua ya nyumba za wenzetu kuliko watendaji wa mtaa. Siku moja mwanafunzi mmoja alisema baba yake ameoa mke mpya. Aliyekaa naye akasema bati la kwao linavuja. Darasa liligawanyika. Wengine walitaka but, wengine so, na binti mmoja mpole ambaye hakuwa na kawaida ya kusema alisimama akatetea and, akidai kwamba mke mpya na bati bovu ni mambo yanayotembea pamoja mtaani kwao. Madam alituacha tubishane mpaka kengele ikalia. Alikuwa anacheka kwa mabega, bila sauti.

Alikuwa na msemo ambao aliurudia mpaka tukauchoka. Alisema sentensi fupi inaweza kuwa ya kweli tupu na bado ikawadanganya watu, kwa sababu mwenzake amefichwa. Sisi tuliandika hilo kwenye madaftari yetu kama tulivyoandika kila kitu, ili lituvushe kwenye mtihani. Sikujua kwamba lingekuja kunikaa kooni.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa lugha. Kiswahili alikipiga marufuku darasani, lakini mapumziko yakifika ungemkuta uzioni, kwa yule mama aliyetuuzia michembe, wanaamkiana mwangaluka kwa Kisukuma kirefu na kucheka mpaka kengele ya pili. Vile viazi vikavu aliviweka mfukoni mwa koti na kuvitafuna akisahihisha, na madaftari yetu yalirudi na makombo. Na kuhusu r na l, Mungu anisamehe, mwalimu wetu alikuwa mmoja wetu. Mvua, yaani rain, kwake ilikuwa lain. Alitusahihisha sisi kwa ukali kwa kosa lile lile alilolifanya katika pumzi hiyo hiyo, na ole wake aliyecheka.

Fimbo hakuwa nayo. Silaha yake ilikuwa kungoja. Akikuuliza swali, aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatulia. Aliweza kungoja kipindi kizima. Ubaya ni kwamba alingoja hata pale ambapo hapakuwa na mtu. Akiita mahudhurio na mwanafunzi hayupo, wengine wangeandika alama ya mtoro na kuendelea. Yeye aliinamisha kichwa. Mara nyingine alimwandika kuwa yupo, na sisi tukatazamana, na baada ya muda mtoro yule akaingia akihema. Madam alieleza kwamba alikuwa amesikia viatu vyake getini. Geti lilikuwa mbali, chini ya kilima.

Mtaani walimwogopa kidogo. Alipanga vyumba viwili kwenye nyumba iliyoegemea jiwe, na mama mwenye nyumba alisema kwamba jioni Madam huongea peke yake kule ndani, anauliza swali, ananyamaza, kisha anasema "good" kama mtu aliyejibiwa. Kwamba alikuwa anaandaa masomo, hilo lilikuwa wazi kwa mwenye akili. Ila mama mwenye nyumba aliapa kwamba siku nyingine alisikia na majibu.

Sasa nimseme Kabula, maana bila yeye ningekuwa namkumbuka Madam kama ninavyowakumbuka walimu wengine, kwa kucheka.

Kabula alikuwa mwenzangu wa dawati, wasichana wawili safu ya tatu, dirishani. Alitoka upande wa ng'ombe, ndani huko, akaja mjini na mama yake ambaye alikuwa fundi cherehani. Mimi nilizaliwa jirani na ziwa. Kuna mchezo ambao watoto wa ziwani tunaujua na ambao kila mzazi anaukataza. Magugu maji yakijaa ghubani na upepo ukayabana ufukoni, yanakuwa zulia la kijani, na mtoto mwepesi anaweza kukimbia juu yake hatua chache mpaka kwenye jiwe la karibu. Siri ni mbili: ukimbie bila kusimama, na uende asubuhi. Mchana upepo hugeuka, magugu yanalegea, na macho hayawezi kukuambia.

Jumamosi moja, tulipotoka kwenye masomo ya ziada, nilimvuta Kabula twende ziwani. Ilikuwa mchana. Alivua viatu akavipanga juu ya jiwe, akavua soksi akanipa niziweke kwenye mkoba wangu zisichafuke. Nilitangulia, nikafika. Yeye alifika katikati akasimama. Zulia likafunguka, likajifunga. Nilisimama kwenye lile jiwe nikiangalia ujani uliotulia. Kisha nikashuka upande wa pili, ambako maji yanafika magotini, nikachukua viatu na mkoba wangu nikakimbia.

Jioni mama yake alikuja kwetu. Aliniuliza kama nilikuwa na Kabula. Nikamjibu, "Mimi nilirudi peke yangu, mama." Ilikuwa kweli. Hakuna neno la uongo hata moja ndani yake, na ndiyo sentensi chafu kuliko zote nilizowahi kuzisema.

Siku mbili yule mama alizunguka stendi ya Buzuruga akiwauliza makondakta, kwa sababu mtu alisema ameona msichana mwenye sare akipanda basi. Siku ya tatu wavuvi walimpata Kabula. Viatu vilikuwa bado juu ya jiwe, vimepangwa vizuri, na hakukuwa na mtu aliyesema alikuwa naye. Watu wakajumlisha wenyewe. Msichana aliyevua viatu kwa utulivu hivyo mahali pa mafichoni alikuwa anamngoja mwanaume, na mwanaume amemtosa. Lisemwalo lipo, wakasema. Msibani kwenyewe walisema, mama yake akiwa chumba cha pili. Kabla mwaka haujaisha alihamia Igoma.

Nilimwona Madam makaburini. Wengine walikuwa wanalia na kuimba. Yeye alisimama pembeni ya udongo ule mbichi, kichwa kimeinama, kiganja nyuma ya sikio.

Wiki iliyofuata tulirudi darasani. Nafasi ya kando yangu ilikuwa wazi na hakuna aliyetaka kuikalia. Zamu ya dawati letu ilipofika nilidhani ataturuka. Akaniita nitoe sentensi ya kwanza. Nikasema jua ni kali, kwa sababu ndilo lililonijia. Akaandika. Kisha akaigeukia ile nafasi iliyo wazi, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akangoja. Darasa zima lilisikia inzi dirishani. Madam akaitikia kwa kichwa, akageuka ubaoni, akaandika: My socks are in her bag.

Soksi zangu zimo kwenye mkoba wake. Kijana aliyeitwa mbele aliziunganisha, The sun is hot and my socks are in her bag, na wachache wakacheka kwa woga. Mimi sikucheka. Mkoba ulikuwa miguuni pangu, na soksi za Kabula zilikuwa bado ndani, zimekunjwa vile vile, kwa sababu nilikuwa siwezi kuzitupa wala kuzitoa. Hakuna aliyejua. Mama yangu mwenyewe hakujua.

Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya pili aliandika kwamba nyasi zilikuwa zinatembea. Mara ya tatu aliandika kwamba maji ya chini ni baridi. Wenzangu walianza kukwepa njia niliyopita. Mmoja alisema Madam ni mchawi, mwingine akasema mwalimu amechanganyikiwa kwa huzuni na mkuu wa shule aambiwe. Mimi niliamini jambo baya zaidi, kwamba Kabula yupo pale kando yangu na ananisema. Nilikuwa nakaa upande wa dirisha kabisa, nimeuma ukosi wa sweta, nikihesabu dakika.

Mara ya nne Madam alingoja muda mrefu. Aliitikia kwa kichwa. Akainua chaki, ikabaki hewani. Kisha akaiweka chini, akafuta ubao wote, akaniambia nichukue vitu vyangu nihamie mbele. Kuanzia siku ile hakuiuliza tena nafasi ile kitu. Alikuwa akinitazama, sasa nikiwa nje ya ule ukungu wake, na akaniuliza mara moja tu, tukiwa wawili ofisini, kama nina la kumwambia. Nikasema sina.

Miaka kumi na minane imepita. Nina duka la stesheneri Buzuruga, nina watoto, na watu wananiona mtu wa maana. Ziwani siendi. Mama Kabula nilikuwa namwona kwa mbali nikipita Igoma, anashona barazani, na nilikuwa navuka barabara. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijua hivyo, lakini kujua na kufanya ni wilaya mbili.

Mwaka jana jirani yake Madam alikuja dukani kutoa nakala ya kadi ya kliniki ya Madam. Niliposoma jina, lile lile la kwenye ripoti zetu za shule, nikauliza. Akasema bibi yupo, yuko Kiseke pale pale kwenye jiwe, sasa haoni kabisa. Jumamosi ile asubuhi nikaenda. Sikujua naenda kutafuta nini.

Nilipiga hodi. Ndani kukatulia, na nikajua kile kichwa kimeinama.

"Safu ya tatu, dirishani," alisema. "Umechelewa."

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Ingia."

Alikuwa amepungua, lakini koti lilikuwa lile lile la kitambaa kizito. Tuliongea habari za watoto, za duka, za wenzangu. Aliwakumbuka wote kwa sauti zao. Huyu aliongea kama ana mafua, yule alimeza silabi za mwisho. Nilipoona mazungumzo yanaisha, na kwamba nikitoka pale sitarudi, nikamuuliza zile sentensi za Kabula alizitoa wapi.

Akashangaa kweli. "Kwani si wewe uliyekuwa unazisema?"

"Hapana, Madam."

"Zilitoka upande wako. Sauti ilikuwa ya Kabula. Nikasema moyoni, huyu mtoto anamlilia mwenzake kwa kumsemea. Nimwache amsemee."

Nilimwambia sikufungua mdomo. Nilimwambia habari ya ukosi wa sweta, kwamba siku zote zile meno yangu yalikuwa yameufunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wangu ulipofika akaendelea kusikiliza.

"Basi sijui," alisema.

Yeye aliyekuwa na jibu la kila kitu. Nje kulikuwa kweupe, kuku wanaparura.

"Ile ya nne," nikasema. "Uliyoiacha. Ilisemaje?"

Aliisema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemtolea mtoto imla. "She told me it would carry me."

Aliniambia yatanibeba. Hayo ndiyo maneno. Kabula alisimama ukingoni kwa miguu mitupu akaniuliza kama magugu yatambeba, nami nikacheka nikamwambia yatakubeba, kimbia tu. Hakuna aliyesikia ila sisi wawili. Nililia mbele ya Madam kwa sauti mbaya, ya mtu mzima asiyejua kulia, nikamsimulia yote kuanzia mlango wa darasa mpaka mlango wa kwetu. Hakunikatisha. Alikuwa amekunja mikono yake mapajani.

"Niliweka chaki chini," alisema nilipotulia. "Sikutaka kuiandika mbele ya watoto wote wale. Nikangoja uje mwenyewe."

"Ulimwambia mama yake?"

"Ningemwambia nini? Mimi sikuwepo ziwani." Akapapasa chini ya kiti. "Bado anaambiwa mwanawe alikuwa na mwanaume. Nipe viatu vyangu."

Tulikodi bajaji. Kule Igoma mafundi wanne wa kike wanashonea kwenye baraza moja, na mmoja wao alitoka Kiseke zamani, kwa hiyo yale maneno ya zamani yalihama pamoja na cherehani. Pale hakuna aliyemwita yule mama kwa jina la mwanawe. Walimwita fundi mkubwa.

"Shikamoo, Mama Kabula," nikasema.

Cherehani yake ikasimama, na nyingine tatu pia. Aliniangalia muda mrefu kabla ya kunitambua. Akamwona na Madam, akanyanyuka kumpa kiti chake.

Nilisimulia nikiwa nimesimama. Nilisema nani alimwita nani twende, saa ngapi, upepo ulikuwaje. Nilisema kuhusu soksi. Nilisema aliniuliza nini na nilimjibu nini. Nilisema niliona maji yakijifunga na nikakimbia, na jioni ile nikamwambia yeye jambo la kweli ili asijue ukweli. Nilikuwa nangoja anipige. Ningeshukuru angenipiga.

Mama Kabula alikuwa ameshika kitambaa cha mtu, suruali ya sare nusu imeshonwa. Alikuwa anakikunja na kukikunjua.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanaume," alisema.

"Hakukuwa na mwanaume, mama. Alikuwa na mimi."

Aliweka suruali juu ya mashine. Alikwenda kwa yule fundi wa Kiseke, akamshika mkono akamwinua, akamleta mpaka mbele yangu. Akawaita na wale wengine wawili. Akavuka akamwita muuza vocha wa ng'ambo, na mama wa mgahawa, na mwenye fremu ya duka, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kawaida tu kama anayewaita chakulani. Walipojipanga barazani alinigeukia, macho makavu.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Na wao wasikie."

Nikarudia tangu mwanzo.